Kidole cha néni kwenye kioo cha TV

Jumapili moja mwanzoni mwa Oktoba nilikuwa sebuleni kwa mama mwenye nyumba wangu hapa Budapest, namenya karoti za supu, yeye anaangalia filamu ya zamani, zile nyeusi na nyeupe zenye sauti inayokwaruza. Ghafla akachukua rimoti akaigandisha picha. Akainuka taratibu, maana goti lake la kushoto limeshachoka, akasogea mpaka kwenye TV na kuweka kidole juu ya uso wa mwanamke aliyekuwa kwenye kioo.

"Huyu," akasema, "aliishia kuuza kofia."

Akaiacha filamu iendelee, amesimama palepale. Baadaye akatokea mwanamke mwingine, binti wa macho mapole. Akagandisha tena. Kidole tena.

"Na huyu kafia Los Angeles."

Filamu yenyewe inaitwa Halálos tavasz, tuseme Machipuko ya Mauti, ya mwaka 1939. Wa kwanza ni Karády Katalin na wa pili ni Szörényi Éva (huku jina la ukoo ndo linatangulia, na mimi nimeshazoea kuwaita hivyo, mtanivumilia). Filamu moja, mwanaume mmoja kati yao, na wote wawili wamefia ng'ambo.

Alafu akanigeukia. Miaka minne naishi kwake, namsaidia kubeba maji ya chupa, namsindikiza hospitali, hajawahi kuniuliza hili swali. "Na wewe binti yangu, kwenu ulikuwa unafanya nini kabla hujaja?"

Nikamwambia nilikuwa muigizaji. Wa redio.

Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa jambo alilopaswa kuambiwa zamani. "Basi wewe unajua," akasema, akarudi kukaa.

Nimekaa na hiyo sentensi wiki nne sasa. Najua nini?

Watano

Usiku ule sikulala, nikaanza kutafuta. Kiingereza, Kihungaria changu cha kuokoteza, kamusi pembeni, na kesho yake néni mwenyewe nikimuuliza kila nilichokwama. (Néni ni kama shangazi, mama mkubwa, unamwita hivyo mwanamke yeyote aliyekuzidi sana umri. Na salamu yake ni kezét csókolom, nabusu mkono wako. Siku ya kwanza nilipoisikia watoto wanamsalimia mama mzima kwenye lifti nikajua hii ni shikamoo, nikatulia kidogo moyoni.)

Nikajikuta nimeandika majina matano kwenye karatasi. Karády, amezaliwa 1910. Gobbi Hilda, 1913. Tolnay Klári, 1914. Szeleczky Zita, 1915. Szörényi, 1917. Miaka saba tu toka wa kwanza hadi wa mwisho, ukiwapanga ni kama watoto wa tumbo moja. Katikati ya miaka ya 1930 Gobbi na Szörényi waliingia Nemzeti Színház, ukumbi wa taifa wa maigizo, na Szeleczky akaja nyuma yao kidogo. Tolnay yuko kwenye Meseautó ya 1934, kajinafasi kadogo tu, ile filamu ya kuchekesha ambayo mpaka leo Wahungaria wanaijua kwa moyo. Karády ndo aliyechelewa kuliko wote, alikaribia miaka 29 kamera ilipomuona, binti wa fundi viatu kutoka Kőbánya, mtaa wa viwanda na viwanda vya bia, nyumba imejaa watoto.

Mji mmoja. Lugha moja. Mlango mmoja kabisa.

Na baadaye kila mmoja akaangukia kwake, huyu São Paulo, huyu Buenos Aires, huyu California, wawili wamebaki hapahapa. Nilichotaka kujua ni nani kati yao alifanya sawa. Nasema ukweli, nilitaka mtu mmoja kati ya hawa watano aniambie mimi nilifanya sawa.

Ile sauti

Lazima niseme kuhusu sauti ya Karády, maana bila hiyo huwezi kuelewa kwanini néni anagandisha TV.

Iko chini. Waigizaji wa kike wa wakati ule waliongea juu juu, haraka, kama ndege asubuhi, alafu anakuja huyu anaburuza maneno kama mtu aliyeamka sasa hivi na hana haraka ya kwenda popote, kila irabu ya Kihungaria (na wana irabu nyingi hawa watu, kuna mfupi na mrefu, ukikosea urefu neno linageuka) anaikalia mpaka ijae. Akiimba ndo kabisa, ni kuongea kulikonogewa. Ule wimbo wake wa Hamvadó cigarettavég, kipisi cha sigara kinachofifia, néni anasema mama yake alikuwa akiuimba jikoni mlango umefungwa, miaka ile ambayo redioni haukupigwa tena. Wanawake walisuka nywele kama zake. Wakosoaji wengine walisema hajui kuigiza.

Nilisikiliza wimbo mmoja mara sita kwa hedifoni. Sikuelewa nusu ya maneno, ila niliijua ile kazi. Mtu anayejua mahali pa kuvuta pumzi unamjua.

Mimi kwenye redio nilikuwa mama mkwe. Nina miaka 23 naigiza mwanamke wa miaka 60, na kila kipindi naingia na mstari uleule: "Hodi humu ndani, au mmehama bila kuniaga?" Siku moja kwenye daladala pale Mwenge namdai konda chenji yangu, konda akageuka nyuma, akanitazama usoni, akatafuta tafuta, kisha akasema kwa sauti gari zima lisikie: "We dada, si ndo mama mkwe wewe!" Hakuna mtu aliyewahi kuniona. Walinijua kwa koo.

Hiyo ndo kazi niliyoiacha nilipopata nafasi ya kusoma huku. Nilisema naenda miaka miwili. Sasa ni ya tano.

Viti vilivyoachwa

Wiki ya kwanza nilikuwa nawaonea huruma tu. Wanawake wenye vipaji, vita ikaja, ikawatawanya, basi. Ni stori rahisi kuibeba, na nilikuwa nimeshaanza kuiandika hivyo hapa.

Alafu nikakutana na Kabos Gyula.

Kabos ni yule mfupi anayechekesha kwenye Meseautó na kwenye nusu ya filamu za miaka ile, nchi nzima ilimpenda. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 Hungaria ikapitisha sheria ya kwanza dhidi ya Wayahudi, kwenye kazi za sanaa na habari wasizidi asilimia 20, na 1939 ya pili ikaja, asilimia 6. Ikaundwa chemba ya waigizaji, kama huna kadi yake hupandi jukwaani wala husimami mbele ya kamera. Kabos akaondoka 1939 kwenda Marekani. Oktoba 1941 akafa New York. Aliyeongoza Meseautó, Gaál Béla, kafa Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi. Ágay Irén, aliyekuwa nyota kabla ya hawa wote na ni mtu wa rika lao kabisa, 1912, alishaondoka na mumewe mwongozaji mwaka 1938.

Franciska Gaal je? Muigizaji, Myahudi naye. Huyu alishafika Hollywood, 1938 yuko kwenye filamu ya DeMille, mwongozaji mkubwa wa kule, na 1940 akarudi nyumbani Budapest. Akarudi! Vita yote akaipitisha amejificha.

Sasa tazama tarehe. Halálos tavasz imetoka Desemba 1939.

Niliweka kalamu chini. Yaani ule mwangaza uliomwangukia Karády, uliomwangukia Szeleczky, Tolnay, ulikuwa umewashwa kwenye chumba ambacho watu wametolewa. Viti vilikuwa wazi kwasababu wenyewe walikatazwa kukalia. Hawakutunga wao ile sheria, najua, na binti wa miaka 24 akipewa kazi anaifanya, na mimi ningeifanya, hilo ndo linaniuma zaidi, ningeifanya na ningeshukuru Mungu. Lakini filamu ziliendelea kutoka, na kumbi zilijaa.

Nilimuuliza néni. Alikuwa anapanga dawa zake za wiki kwenye kile kiboksi cha siku saba. Hakuinua kichwa. "Wote tuliingia ukumbini," akasema, japo yeye alikuwa mtoto mchanga wakati huo. "Wazazi wangu walikata tiketi."

Siku tatu sikuandika kitu.

Tramu namba 2

Kama utawahi kuja huku, panda tramu namba 2 pale Bunge, inatambaa kando ya Danube. Kabla hujapanda shuka kwanza ukingoni. Kuna viatu vya chuma, jozi 60, vimepangwa pembeni ya maji kama wenyewe wamevivua sasa hivi. Vya wanaume, vya kina mama vyenye kisigino, na vidogo vidogo. Msimu wa baridi wa 1944 kuingia 1945, wale wa Mshale wa Msalaba, mafashisti wa hapa, walikuwa wanawapanga Wayahudi ukingoni, wanawavulisha viatu maana viatu vina bei, wanawapiga risasi waangukie mtoni.

Nilipiga magoti nikagusa kimoja, cha mtoto. Mtu alikuwa ameweka pipi ndani. Chuma kilikuwa cha baridi na kimeloana.

Karády aliletwa hapa na maisha kwa njia ya ajabu. Wajerumani waliivamia Hungaria Machi 19, 1944, na mwezi uliofuata Gestapo, polisi wao wa siri, wakamkamata. Alikuwa na uhusiano na Ujszászy, mkuu wa upelelezi wa Hungaria, wakamshika kwa ujasusi, wakamtesa, wakamvunja. Alitoka baada ya miezi kadhaa, nyumba yake imeshaporwa. Na ni huyohuyo, akiwa katika hali ile, aliyekomboa watoto waliokuwa wameshafikishwa kwenye ukingo wa mto, akawahonga wauaji kwa dhahabu na vito vyake, akawaficha. Mwaka 2004 Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa, wakamtambua rasmi kati ya waliookoa Wayahudi. Wakati huo alishakufa miaka 14 nyuma.

Hakuwahi kuzunguka anajisifia hilo. Hata kuhojiwa alikuwa mgumu.

Ile hasira yangu ya viti ikakaa pembeni kidogo. Haikuondoka. Mtu yuleyule alipanda juu ya viti vilivyoachwa, na mtu yuleyule alivua hereni zake kununua mtoto, sina namna ya kuvipima hivi viwili kwenye mzani mmoja na nimeacha kujaribu.

Kofia

Baada ya vita wakaja wakomunisti, na filamu zake zikafungiwa. Akabaki anaimba mikoani, kwenye vilabu na migahawa, mwanamke ambaye miaka kumi nyuma picha yake ilikuwa kila ukuta. 1951 akavuka mpaka kwa siri kuingia Austria. Kisha Uswisi, Ubelgiji, na mwisho São Paulo, ambako alifungua duka pamoja na rafiki yake mtengeneza kofia. 1968 akahamia New York. Kofia tena.

Hapa ndo nimekwama zaidi kuliko popote, wiki nzima.

Kwanza nililia, kusema kweli. Ile sauti inasema "saizi yako ni hii, mama" kwa Kireno. Au kwa Kiingereza cha kujifunzia ukubwani. Nikawaza mteja amesimama mbele ya kioo anageuza shingo kuangalia upande, nyuma yake amesimama mwanamke mwenye koo ambalo lilitingisha nchi, na mteja hajui, anachotaka ni kujua kama utepe wa kijani unaendana na koti.

Nikamsimulia rafiki yangu, Mkenya tunayefanya naye kazi, huyu yeye ni mtu wa hesabu. Akaniuliza, kofia zilikuwa mbaya? Nikasema sijasikia. Akaniuliza, alikula? Nikasema alikula, aliendesha duka miaka mingi, nchi mbili. "Sasa wewe unalilia nini?" Nilikasirika, lakini swali lilibaki.

Mwaka 1980 alipotimiza miaka 70 walimwalika arudi nyumbani. Hakuja. Alituma kofia.

Néni aliponisimulia hiyo alicheka mpaka akakohoa, mimi sikucheka. Nadhani naielewa ile kofia. Mnaitaka ile sauti, na ile sauti mliifungia wenyewe. Hiki hapa ndicho nilichofanya kwa miaka yote mliyokuwa hamniulizi, tena kimeshonwa vizuri.

Mwanaume aliyekuwa naye kwenye Halálos tavasz, Jávor Pál, yeye mafashisti walimfunga, akaenda Marekani 1946, lugha ikamshinda kule, hakuna aliyemhitaji, na 1957 akarudi. Alikaa miaka miwili akafa. Kwahiyo kurudi nako sio dawa, kama nilikuwa na matumaini hayo.

Lafudhi

Wapo waliovuka na wakaendelea kuonekana. Kina Gabor mnawajua, wale dada wa Kihungaria wa Hollywood, Zsa Zsa amezaliwa 1917 sawasawa na Szörényi. Tofauti ni kwamba hapa Budapest hakuwa muigizaji wa kusema kitu, yeye alikwenda Marekani 1941 akaifanya lafudhi yake yenyewe kuwa ndo mtaji. Mdogo wake Eva akadumu miaka sita kwenye tamthilia ya TV, 1965 hadi 1971, mwanamke wa kitajiri wa kigeni anayechekesha shambani. Lafudhi ile iliruhusiwa chumba kimoja tu, chumba cha mama tajiri wa kigeni. Wameishi humo vizuri, sina neno baya. Majivu ya Zsa Zsa mengine yamerudishwa na kuzikwa hapa 2021.

Lakini Szörényi? Huyu alikuwa Nemzeti Színház miaka ishirini, anasema Shakespeare kwa Kihungaria jukwaani, tuzo ya Kossuth, tuzo kubwa ya taifa, ya 1952 amepewa na serikali ileile aliyokuja kusimama dhidi yake Oktoba 1956, wananchi walipoasi. Mapinduzi yakazimwa na vifaru vya Kisovieti, watu kama 200,000 wakakimbia nchi, na yeye na familia yake wamo. California. Unadhani Hollywood walikuwa wanamsubiri? Alifanya kazi ya jumuiya, ya wakimbizi, ya wapigania uhuru, akawasomea Wahungaria wenzake mashairi kwenye kumbi za makanisa na vilabu mpaka uzee. Amekufa 2009, miaka 92.

Szeleczky naye vilevile. Aliondoka vita ikimalizika, mahakama ya baada ya vita ikamhukumu bila yeye kuwepo, miaka mitatu jela na mali zichukuliwe. Huyu ndiye ambaye sina amani naye hata kidogo, maana aliendelea kung'ara mpaka dakika zile za mwisho ambazo wengine walikuwa wamejificha kwenye madari. Hata hivyo 1993 Mahakama Kuu ilimfutia hukumu. Na alichofanya Buenos Aires nakijua kwa mwili wangu: alicheza maigizo kwa Kihungaria mbele ya wahamiaji, alafu toka 1962 Los Angeles, akizunguka kokote walipo Wahungaria akighani mashairi. Watu hamsini. Watu mia. Viti vya kukunja.

Mimi mwaka wa pili hapa niliitwa kwenye tangazo moja la biashara. Nilifurahi, nilipiga simu nyumbani. Nilipofika nikapewa kitenge, nikaambiwa simama hapa, tabasamu, tazama kushoto. Nikauliza mistari yangu iko wapi. Yule kijana alikuwa mpole, hakuwa na ubaya, akasema hakuna mistari.

Nilisimama masaa nane. Koo langu lilikuwa sawa kabisa, halikuchoka.

Ndo maana wale watu hamsini wa Szeleczky siwacheki.

Waliobaki

Tolnay alibaki. Mume wake wa kwanza, mwongozaji filamu, aliondoka kwenda Magharibi, yeye akabaki. Kossuth 1951, na tena 1952. Akaolewa na Darvas Iván, muigizaji mdogo kwa umri na mzuri wa sura, baada ya 1956 mume akatupwa jela karibu miaka miwili, ndoa ikafa 1958. Na kesho yake kuna onyesho, panda jukwaani. Alikuwa Madách Színház toka 1950 mpaka alipokufa 1998, karibu nusu karne kwenye nyumba moja, akapita kutoka kwa wasichana hadi kwa mabibi, na watu wakazeeka naye. Néni alimuona kwa macho yake mara nne, na kila mara anayoitaja anasimulia gauni.

Nilidhani nitamwonea wivu Tolnay kuliko wote. Nilimwonea siku mbili.

Halafu nikasoma habari za Gobbi Hilda na nikamsahau kila mtu.

Gobbi hakuwa mrembo wa bango. Pua kubwa, sauti ya kukaripia, toka ujanani anapewa kuigiza vikongwe. (Mnaona kwanini nimempenda.) Wakati wa vita alikuwa kwenye upinzani dhidi ya mafashisti. Vita ilipoisha, wenzake wanatafuta nafasi za kuigiza, yeye anatafuta nyumba za waigizaji wazee wasiokuwa na pa kuzeekea, akaanzisha makazi mawili, la Ódry na la Jászai. Akaanzisha makumbusho ya waigizaji kwenye nyumba ya Bajor Gizi, muigizaji mkubwa wa kabla yao. Na kuanzia 1959 akawa Szabó néni kwenye tamthilia ya redio, familia ya kina Szabó, tamthilia iliyoendelea mpaka 2007.

Redio! Mama wa nyumbani wa taifa zima, kwa koo tu!

Nilimkimbilia néni jikoni nikamuuliza, akaacha mwiko ndani ya sufuria akaanza kumuigiza Szabó néni palepale, mkono kiunoni, na mimi ambaye sijawahi kuisikia ile tamthilia nilijua ndo yeye.

Ukumbi wao wa taifa pale Blaha Lujza tér ulibomolewa 1965, wakisema ni kwa ajili ya reli ya chini. Gobbi hakukubali hilo jambo life. Miaka ya 1980 ameshazeeka anahamasisha wananchi wanunue tiketi za matofali, kila mtu tofali lake, ukumbi mpya ujengwe. Alikufa 1988 hakuna kilichojengwa. Ukafunguliwa 2002.

Nilikwenda kuuona, ileile tramu namba 2, shukia Nemzeti Színház. Mbele yake kuna bwawa, na ndani ya bwawa wameulaza uso wa ule ukumbi wa zamani, nguzo zake na matao, umelala chali majini kama mtu anayeoga. Majani makavu yalikuwa yanaelea juu yake. Nilikaa pale mpaka taa zikawaka. Jukwaa lao moja humo ndani lina jina lake.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikamtumia ujumbe yule mzee aliyekuwa anatuongoza kwenye kikundi cha redio, Dar. Miaka mitatu sikumtafuta, kwa aibu. Niliandika: Shikamoo mwalimu, kile kikundi bado kipo? Akajibu kwa sauti, dakika nne nzima, nusu yake kikohozi na lawama. Kipo. Mama mkwe walimuua kwenye stori, kwa ajali ya basi, kwasababu hakuna mwingine aliyeweza ile sauti.

Novemba mosi

Tarehe 1 Novemba huku watu wote wanakwenda makaburini. Tulipanda tramu 59, mimi nimebeba krizantemu nyeupe na mfuko wa mishumaa ile ya kwenye vikopo, néni amevaa koti lake la msiba. Makaburi ya Farkasrét yapo kilimani upande wa Buda. Giza linaingia saa kumi, na kilima kizima kinawaka vimwanga vidogo vidogo, watu wanatembea wananong'ona.

Tulianza kwa mumewe. Tukasafisha majani, tukawasha viwili. Halafu tukapita kwa Tolnay, yupo humohumo, na Jávor pia. Mwisho Karády. Alikufa New York Februari 1990, wakamleta, wakamwombea misa kwenye basilika ya Mtakatifu István, wakamzika hapa. Kaburini kwake kulikuwa na mishumaa mingi kuliko tuliyobeba sisi, na mtu alikuwa ameacha sigara moja, haijawashwa.

Néni alisimama muda mrefu. Goti lilikuwa linamuuma, nikamshika mkono.

"Sema kitu kwa lugha yenu," akaniambia.

Nikamuuliza kwanini.

"Alikaa ugenini miaka mingi. Ameshazoea kusikia lugha ngeni."

Sikuwa nimejiandaa. Sala zilinijia zikapita. Kilichotoka ni kile nilichokisema kila kipindi kwa miaka sita, na kilitoka na sauti yake ileile ya zamani, ya chini, ya kikongwe, sikujua kama bado ninayo: "Hodi humu ndani, au mmehama bila kuniaga?"

Mwanaume mmoja kwenye kaburi la jirani aligeuka.

Néni akauliza nimesema nini. Nikamwambia nimepiga hodi, ni neno la kusema mlangoni kabla hujaingia kwa mtu.

"Na mwenye nyumba anajibu nini?"

"Karibu."

Akalijaribu mara mbili, ile r wanaitikisa sana, na u ya mwisho akaivuta mno. Akainama, akanipa fimbo yake nimshikie, akakinga kiberiti na kiganja maana kulikuwa na upepo.